Jiwe Lililokatazwa Maji

Nimelitia maji jiwe lililokatazwa maji. Nikaulizwa, nikakana. Makosa yangu ni hayo mawili, na nimeyataja mapema ili atakayechoka kusoma aondoke akiwa anayajua.

Msinitafutie sababu. Wapo watakaosema, masikini, bibi wa watu hakusoma, hakujua. Nilijua! Niliambiwa kwa Kiswahili, nikarudiwa kwa Kisukuma. Nilijua, nikafanya, nikaficha.

Mimi ni mwanamke wa huku Meatu, upande wa Lingeka, niliolewa huku nikitokea Mwamanyili. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, tulichosomea kwenye baraza la ghala la pamba, kwa hiyo anayepiga chapa maneno haya asinirekebishe mpaka nikajipoteza. Jina langu silisemi. Na hawa nitakaowataja nimewapa majina ya watu wangu waliokufa. Hao nawakumbuka wote, hata waliokufa wachanga. Kama yupo kati yao atakayekasirika, nitamjibu hukohuko, si mbali.

Mjukuu wangu nimwite Minza. Mama yake, binti yangu Nkwimba, alifariki mtoto hajaota meno. Nikamlea kwa uji na maziwa. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kutazama juu. Wenzake wanatazama mbuzi, yeye anatazama juu, mbuzi wanaingia kwenye pamba ya watu, matusi nayapokea mimi.

Akafaulu, akaenda chuo mkoa wa mbali. Watu wakaniuliza, "Anasomea uuguzi?" Nasema hapana. "Ualimu?" Hapana. "Sasa anasomea nini huyo?" Nikawaambia alichoniambia mwenyewe: anatafuta maji kwenye sayari nyingine.

Walicheka! Wifi yangu Holo, dada wa marehemu mume wangu, mdomo wake haujawahi kupata kifuniko. Akasema, "Mbona sisi tunatafuta maji kila siku na hakuna aliyetupa joho?"

Lakini mimi Minza alinieleza vizuri, jamani. Likizo moja tulikwenda mtoni kuchota. Huku kwetu mto ukikauka unabaki mchanga, tunachimba mchangani mpaka maji yachungulie. Akaniuliza, "Bibi, pale mbugani utajuaje kwamba palikuwa na maji, na sasa hayapo?" Nikamwambia, si ule weupe? Maji yakikauka yanaacha chumvi juu ya udongo, ng'ombe wanakwenda kuilamba.

Akapiga makofi. "Na sisi kazi yetu ndiyo hiyo! Huko hatufiki, kwa hiyo tunatafuta alama. Chumvi, udongo, njia ya maji iliyokauka."

"Na mkiyaona mtayanywa?"

"Hapana, Bibi. Tutajua tu kwamba si sisi peke yetu tuliopewa."

Mengine yalinipita. Hili la chumvi nililielewa kama ninavyolielewa jiko langu. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Sasa, mwaka huo mvua iligoma. Mbegu za pamba ziko ardhini, mashamba yamelimwa, mawingu yanatokea upande wa Nyashimo, kule ziwani, yanatupita juu kama wageni wa jirani. Mchana mmoja mimi na Holo tulikuwa shambani, tunakusanya miti ya pamba ya msimu uliopita iliyobaki pembeni, tuichome. Tukasikia mngurumo. Radi haikuwa, mbingu ilikuwa tupu kabisa. Ulikuwa kama lori linamwaga kokoto mahali. Halafu mluzi. Halafu pu!

Vumbi likaruka ng'ambo ya shamba. Holo akalala kifudifudi, akaita watakatifu wote, akaita na mizimu ya kwao, hakubagua.

Nilipoona sijafa, nikaenda kutazama. Kishimo kidogo tu, kama cha kutegesha chungu. Ndani yake jiwe, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, jeusi, limeungua kama ukoko wa ugali. Pembe moja ilikuwa imemeguka. Hapo palipomeguka ndani ni kijivu, na kwenye ule ukijivu kuna chembe ndogo ndogo zinang'aa, rangi ya samawati, kama zile punje za bluu kwenye sabuni ya unga.

Nikapanda kichuguu, maana kwetu mtandao unakaa kichuguuni. Nikampigia Minza.

"Bibi, usilishike!"

"Nimeshalishika."

"Kwa mkono?"

"Ulitaka nilishike kwa meno?"

Akacheka, akalia, akacheka tena. Sijapata kumsikia hivyo. Akaniambia hicho ni kimondo. Akauliza rangi. Nilipomtajia zile chembe za samawati akanitaka nirudie. Halafu akaanza kusema polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

"Bibi, sikiliza. Hiyo huenda ni chumvi. Kama ni chumvi, basi huko lilikotoka maji yalikuwepo yakakauka, kama mbugani kwetu. Na ndani ya chembe moja moja huwa linafungiwa tone. Maji yenyewe, Bibi! Yamefungiwa humo kabla hakujawa na Bariadi, kabla hakujawa na mtu wa kuyaita maji. Mawe yaliyokutwa nayo ni machache mno duniani."

"Limetoka sayari gani?"

"Bado hatujui. Labda kwenye sayari, labda kwenye kidunia kilichovunjika zamani. Ndiyo maana nalitaka. Sasa litie kwenye lile kopo la maziwa ya unga, kopo kavu, ufunike. Lisiguswe na maji. Hata umande. Chumvi ikilowa imekwisha, na tone limekwenda. Bahati yetu ni huu ukame, mvua haijaligusa."

Akarudia kwa Kisukuma, lisiguswe na maji. Nikaitikia. Alikuwa na mitihani, akasema akimaliza tu anapanda basi.

Bahati yetu ni huu ukame. Mnasikia neno hilo? Mtoto alilisema kwa furaha, na mimi nililificha kifuani kama mtu aliyeokota kitu cha wizi. Kijiji kizima kinaomba mvua, na mimi nyumbani kwangu nina kitu kinachoomba isinyeshe.

Habari ikaenea. Masanja, jirani yangu, akaja asubuhi amesimama mlangoni, hakukaa. Akanisalimu kwa kwetu, akaniita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Mayu, kile kitu chako ni cha moto. Kimeanguka kutoka juu, wewe umekifungia kwenye kopo, na mvua nayo imejifungia. Mimi sisemi zaidi."

Alisema zaidi. Alisema kwenye kilabu, alisema mnadani, alisema mpaka watoto wakawa wanapita mbali na ua wangu.

Nieleze kitu hapa kwa wasio wa kwetu. Mama yangu alinifundisha kwamba kilichoshuka kutoka juu kinapozwa. Radi ikipiga mti hupiti tu hivihivi. Unakwenda na maji na unga wa mtama uliosagwa kwa mkono, unapapoza, ndipo anga linatulia. Nilimwona akifanya Mwamanyili nikiwa binti. Ndiyo, nimebatizwa, na rozari ninayo shingoni. Lakini mkulima wa pamba ambaye mbegu zake ziko ardhini hachagui pa kuomba.

Holo akaanza. Kila akija, "Mjukuu wako anatafuta maji ya juu. Ya huku chini atayatafuta nani, wifi? Au tumngojee akimaliza ya juu?"

Holo nilimzoea. Aliyenivunja ni Kabula, mke wa Masanja. Walikuja wanawake wanne, Holo, Mbuke, Nyanzobe na huyo Kabula, na mtoto mgongoni. Wale watatu walisema mengi. Kabula hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mayu, unajua kisima kimefika wapi? Jana Masanja ameshuka kuchota mpaka nikawa sikioni kichwa chake. Mchanga ungemwangukia, ningemtoa na nini? Na huu mgongo nilionao?"

Nikamtazama yule mtoto. Midomo imepasuka.

Nikasema, nitalinyunyizia tu. Matone mawili, matatu. Minza hatajua.

Hilo neno "tu," ndugu zangu! Naliogopa mpaka leo.

Nikatoa chungu. Nikatia maji ya kisima cha mchangani, nikatia unga wa mtama niliousaga mwenyewe. Nikafungua kopo. Nikachovya vidole, nikanyunyiza.

Holo akasema, "Unafanya kama padri anabariki matawi. Hivyo ndivyo mama yako alivyokufundisha? Lizamishe!"

Nikalizamisha.

Likatoa mapovu. Likalia tsss, kama mtoto aliyeungua akipulizwa. Wenzangu wakaanza wimbo wa mvua, na mimi nimeinama juu ya chungu, natazama ile pembe iliyomeguka. Zile chembe za samawati zikapungua. Zikapungua. Zikaisha, kama chumvi kwenye mchuzi, mbele ya macho yangu.

Nikachovya kidole nikaonja. Chumvi! Kwa mbali, lakini chumvi.

Nilijua palepale nimefanya nini. Mkono ulitaka kulitoa, lakini litoke ili iweje? Nyimbo zinaendelea. Nikaimba na mimi.

Na yale maji hatukuyamwaga. Wakati wa ukame nani anamwaga maji? Tulikuwa na ng'ombe wetu Sesilia, tulimwita hivyo kwa sababu alitoka kwa mama Sesilia kama mahari ya binti yetu mdogo. Nikamsogezea chungu. Akanywa mpaka chini, akalamba na unga uliogandia. Akanitazama kama anauliza kama yapo mengine.

Nilikaa siku nyingi nikilifikiria hilo. Watu wenye vyombo vyao wanatazama huko juu usiku na mchana wanatafuta tone. Tone likaja lenyewe mpaka shambani kwangu. Nikamnywesha ng'ombe.

Kesho yake alasiri, mvua ikanyesha.

Ilinyesha! Watu walitoka nje na masufuria vichwani. Masanja akaniletea jogoo, akapiga goti kunishukuru, mzee mzima. "Wabeja, mayu. Wabeja sana." Nikampokea jogoo. Nikamla. Siku ile moja, nasema ukweli, nilijiona nimefanya jambo kubwa, na nikamsema mjukuu wangu moyoni: umeona, mtoto wa chuo?

Mvua ile haikufikia hata kuivisha maharage. Ilitosha kuziamsha mbegu, halafu ikaziacha. Zikachipua, jua likarudi, zikaungua zote. Kama isingenyesha kabisa, mbegu zingekaa ardhini zikasubiri. Baada ya wiki chache Masanja akawa hanisalimii tena.

Jiwe, siku ileile ya chungu, nililiweka kwenye ungo, nikalianika. Likakauka. Nikalipangusa unga kwa ncha ya kanga, nikalirudisha kwenye kopo, nikafunika. Nikajiambia, jiwe ni jiwe.

Minza akaja. Ameshuka kwenye basi hajala, hajaoga, anauliza jiwe liko wapi. Akavaa glavu nyeupe kama daktari. Akafungua kopo, akalitoa kama anavyotolewa kifaranga kwenye yai. Akaligeuza, akaligeuza.

"Bibi, ilinyesha hapa, nimesikia."

"Kidogo."

"Lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa ndani ya kopo." Na kweli, siku ya mvua lilikuwa ndani ya kopo.

"Halikuguswa na maji?"

Hapa. Ni hapa, jamani! Angenipiga kofi nisingeumia kama ninavyoumia nikikumbuka alivyouliza, bila wasiwasi wowote, kama mtu anauliza kama umefunga mlango ambao anajua huwa unaufunga.

"Hata umande," nikasema.

"Mbona zile chembe za samawati sizioni?"

"Macho ya bibi yako hayo, mjukuu wangu. Labda lilikuwa jua."

Akanitazama. Akalitazama jiwe. Kisha akatabasamu. "Zitakuwa ndani. Nitazikuta ndani." Akanikumbatia na yale maglavu yake, mikono ameinyoosha nje asije akayachafua. "Nitawaambia jiwe hili limelindwa na bibi yangu."

Akalifunga, akalitia kwenye begi, akavuta zipu. Sauti ya zipu ile ninaisikia mpaka leo nikifumba macho.

Ikapita miezi. Alikuwa anapiga simu, ana furaha. Mwalimu wake mkuu, profesa, amelipenda jiwe. Kuna kundi la wasomi wa nchi za nje wanaotafuta maji ya huko juu, wanachukua kijana mmoja wa kufanya nao kazi, na profesa amesema atakuwa Minza, kwa ajili ya jiwe. Nikawa nasema "Mungu mkubwa," kisha naaga haraka.

Siku moja nikapanda kichuguu kupokea simu yake.

"Bibi, wamelipasua, wametazama. Wamekuta alama za maji."

Nikaruka! Bibi kizee, juu ya kichuguu, nikapiga kigelegele. Nikadhani Mungu ameyaficha mengine ndani zaidi, ambako chungu changu hakikufika.

Akaningoja nimalize.

"Ni maji ya kwetu, Bibi. Ya huku chini. Yameingia kwenye kila ufa. Na ndani ya nyufa kuna unga." Akacheka kicheko kibaya. "Unga wa mtama."

Upepo unavuma kwenye simu.

"Bibi, upo?"

"Nipo."

Akangoja. Sasa ndiyo naelewa kwamba alikuwa anangoja. Alinipa nafasi pana ya kupitisha ng'ombe, nami nikasimama pembeni nikaiacha ipite.

"Haya," akasema. "Msalimie Sesilia."

Akarudi nyumbani na begi moja. Hakusema kilichotokea, sikuuliza. Akashika jembe. Akawa anakwenda kuchota, anapika, anafua, ananikanda miguu jioni. Ila hatazami juu. Mtoto ambaye nilikuwa namfokea avute shingo chini, sasa anatembea anatazama vidole vyake. Watoto wa Kabula wakimuuliza habari za nyota, anawaambia, "Kaulizeni shuleni."

Ukweli niliupata kwa rafiki yake wa chuo, Doto, aliyepita kumsalimia akielekea kwao Bariadi. Minza alikuwa mtoni. Doto akakaa jikoni na mimi, akaona haya kuanza, mwisho akasema, "Bibi, naomba umwambie Minza asijilaumu sana. Kila mtu anakosea."

"Kakosea nini?"

"Lile jiwe. Si alisema aliliosha?"

Mwiko ukaniponyoka.

Doto akanisimulia. Profesa aliwaita wote. Akauliza, nani amelitia jiwe hili maji na unga? Wapo waliosema Minza amelipaka makusudi apate alama za uongo. Wapo waliosema waulizwe watu wa nyumbani kwake, si alisema lililindwa na bibi yake? Apigiwe simu huyo bibi. Ndipo Minza aliposimama. Akasema, "Ni mimi. Lilikuwa na vumbi la unga wa jikoni nikaliosha, nikaogopa kusema."

"Mimi nikamvuta pembeni," Doto akasema. "Nikamwambia, Minza, wewe uoshe kimondo? Wewe uliyetufundisha sote kuvaa glavu? Akaniambia, waniite mzembe. Bibi yangu hawatamwita muongo."

Aliujua unga wangu. Alilelewa kwa unga huo! Alipouona kwenye kile kioo chao cha kukuzia hakuhitaji kumuuliza mtu. Na nafasi ile ya wasomi wa nje wakampa mwingine, na profesa akasema hawezi kumwamini tena na jiwe wala na kitu kingine.

Nikamwambia Doto, nipigie huyo profesa sasa hivi. Tukapanda kichuguu. Nikapewa simu.

"Shikamoo, profesa," nikasema, ingawa sauti ilikuwa ya mtu mdogo kuliko wanangu. "Mimi ndiye niliyelitia maji jiwe. Nililipoza, ni mila yetu. Mtoto hakujua. Alipouliza nilimdanganya."

Alikuwa mtu wa adabu, sitamsingizia.

"Marahaba... hapana, shikamoo ni yangu, mama. Nimekusikia. Lakini Minza alisimama mbele yetu akasema ni yeye. Nikimwamini yeye, wewe unamfunika mjukuu wako. Nikikuamini wewe, basi yeye alitudanganya sote usoni. Unataka nichukue lipi kati ya hayo mawili?"

Nikasema tu, "Lirudisheni jiwe kwenye jua, likauke."

Akasema, "Lilishakauka, mama. Maji ya kwenu yameshaandika humo, hayafutiki." Akanitakia afya njema.

Minza alipojua nimepiga simu hakupaza sauti. Alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Bibi, nilikuwa mzembe. Sasa mimi ni mzembe na muongo."

Nikapiga magoti. Mimi, kwa mjukuu wangu! Nikaanza, "Minza, siku ile wanawake walikuja, kisima kilikuwa..."

Akaninyanyua. Ana nguvu, ni mikono ya jembe sasa. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipangusa magoti vumbi.

"Acha, Bibi. Lilishalowa."

Akaendelea kupepeta.

Tangu siku hiyo kila nikianza, ananiambia hivyohivyo, kwa upole. Lilishalowa. Afadhali angenitukana! Mtu anayekutukana bado ana kitu anakidai kwako.

Sesilia alikufa ukame uliofuata. Tulimkuta mbugani amelalia ule weupe, ulimi nje. Padri nimemwambia yote, akanipa sala, nimezisali zote, na jiwe bado limelowa. Kipande kimoja walimrudishia Minza. Hakukitupa. Kipo dirishani, hatukigusi, tunafagia kukizunguka.

Naandika haya kwa sababu nyumbani kwangu hayana msikilizaji. Sitegemei kitu. Profesa hasomi kurasa hizi, na hata akisoma, nimeshamvurugia.

Ila ninyi bibi wenzangu, na mama, na baba mlioachiwa kitu na mtoto aliyekwenda mbele kuliko ninyi, nawaomba. Sisemi msiwasikilize majirani. Kabula alikuwa na kiu ya kweli, na mtoto wake alikuwa na kiu ya kweli, na labda hata leo ningelizamisha. Sijui. Hilo namwachia Mungu.

Lakini mtoto akirudi akakuuliza kama liliguswa na maji, sema ndiyo! Sema ndiyo ukiwa unatetemeka, sema ndiyo hata akilia mbele yako. Sema hapohapo, zipu ya begi ikiwa bado wazi.